Wimbo wa Kumsifu Noorbanu

Asteria Hieronimo alizaliwa na mdomo, ndivyo wasemavyo shangazi zake, viungo vingine vikafuata baadaye kwa kusitasita.

Baba yake, Mwalimu Hieronimo, aliongoza kwaya ya misheni pale Bagamoyo kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mtu wa suruali iliyonyooshwa pasi hata siku ya kupalilia, na tumaini lake lilikuwa bintiye aje aimbe sauti ya kwanza. Siku moja, binti akiwa na miaka tisa, alimwuliza baba yake mbele ya kwaya nzima kama huko mbinguni nako sauti ya nne huchelewa mazoezini. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akamtoa nje. Lakini huko nje, akiwa amesimama chini ya dirisha, Asteria aliendelea kuwasikia wakicheka, na shangazi husema hapo ndipo mtoto alipoharibika.

Alisoma akamaliza, akaenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari, akafanya kazi kwenye ofisi mbili zilizofungwa moja baada ya nyingine, akaolewa. Akiwa na miaka ishirini na minane alirudi Bagamoyo na stashahada, printa iliyokwisha kuwachosha wenyewe wawili kabla yake, na hadithi ya ndoa iliyodumu miezi kumi na mmoja. Hadithi hiyo aliisimulia vizuri mno. Alisema alipata mume aliyemthamini hata akawa anamfungia kwa kufuli kama cherehani mpya. Watu walicheka wakashika mbavu, na katika kucheka huko wakasahau kumpa pole. Asteria alikuwa amepanga iwe hivyo.

Akafungua steshenari karibu na stendi ya mabasi. Alitoa kopi, alipiga picha za pasi, alichapa kadi za harusi na matangazo ya vifo, na zaidi ya yote aliwaandikia watu maombi ya kazi. Kijana mmoja wa Mlingotini, alipoulizwa ana ujuzi gani, alijibu kwamba hana. Asteria akamwandikia kwamba mwombaji ana uwezo mkubwa wa kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu bila kusababisha madhara yoyote. Kijana akaajiriwa kuwa mlinzi wa hoteli, na mpaka leo anaamini Asteria alimsifu.

Kila Ijumaa alikuwa akiweka makala mtandaoni, kwenye ukurasa aliouita Kwa Heshima na Taadhima. Humo alisifu. Aliyasifu maji ya bomba kwa kutoka mara mbili kwa wiki, maana yaliwafunza wananchi kuyakumbuka. Aliwasifu wageni rasmi kwa kuchelewa saa tatu, maana waliwapa watoto wa halaiki muda wa kuzoea jua. Watu elfu kumi na moja walimfuata. Mtu akimwuliza, "Dada, hapa ulikuwa unamaanisha nini hasa?" yeye hujibu, "Wewe umeelewaje?" Jibu hilo lilikuwa mwavuli wake. Inyeshe mvua ya namna gani, Asteria alibaki mkavu.

Halafu kulikuwa na bendi.

Mwenye wazo la bendi alikuwa Yogesh, mtoto wa marehemu mzee Chandrakant wa duka la vifaa vya ujenzi. Yogesh alikuwa na miaka arobaini, miwani minene, na kaseti thelathini za muziki wa roki alizoachiwa na mjomba wake aliyehamia Uingereza. Alijifunza gitaa la umeme kwa kuzisikiliza kaseti hizo mpaka utepe ukakwisha. Mchana aliuza misumari na mabomba kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeungama. Jumapili alasiri aliingia ghalani nyuma ya duka, akaunganisha gitaa kwenye spika, na kutoa mlio wa bati linalopasuliwa na mtu mwenye hasira. Mpiga ngoma alikuwa Mikdad, aliyekulia kwenye ngoma za asili na kuzifundisha kwa watalii. Mara ya kwanza alipoiona seti ya ngoma za kizungu alisema zinamfanania ngoma zilizofungwa jela pamoja. Lakini alizikalia, akazipiga, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa.

Bendi waliiita Kutu. Walifanya mazoezi kati ya mifuko ya saruji. Ghala likijaa, saruji ilimeza sauti, na majirani waliishi kwa amani. Saruji ikiuzwa ikaisha, mtaa mzima ulijua. Asteria aliandika maneno na kuyaimba, kwa sauti inayokwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Alijua ni mbaya. Aliitumia hivyo hivyo, na mashabiki wakasema ni mtindo.

Sasa hapo mjini palikuwa na Mama Noorbanu.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, mtoto wa ukoo wa Kihindi wa Kiislamu uliokaa Bagamoyo tangu enzi za babu wa babu yake, na alikuwa na duka la vitambaa lenye baraza ambapo fundi wake, Sihaba, alishona kuanzia asubuhi. Mama Noorbanu hakuwa na mzaha. Mteja akiingia, alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, kisha akasema alichokiona. "Kola hiyo inataka shingo, na wewe huna." "Hilo ni gauni la mtu mwenye haraka. Wewe una pa kwenda?" Wanawake walitoka wamenuna, wakaapa hawarudi, na mwaka uliofuata wakarudi na mabinti zao. Walikuja kutoka Ubena na Mkange, wakipita maduka mengine kumi njiani, kwa sababu kitambaa alichokikubali Mama Noorbanu hakijawahi kumwaibisha mtu.

Jumapili moja bendi ilikuwa imepungukiwa wimbo mmoja wa kupiga kwenye sherehe ya hoteli. Asteria akakaa juu ya mfuko wa saruji na kuandika kwa dakika ishirini. Sauti ya wimbo aliikopa kwa baba yake: Mwalimu Hieronimo alikuwa ametunga wimbo wa shukrani wa kuimbwa wakati wa mavuno, wenye mwendo wa taratibu na heshima. Asteria aliuchukua mwendo huo mzima na kuweka maneno haya:

*Twakushukuru Noorbanu kwa ukarimu wako,*
*nilipoingia ulisema mlango umekuwa mwembamba.*
*Twakushukuru Noorbanu kwa upole wako,*
*uliuliza harusi ni yangu au ya adui yangu.*

Beti mbili za unyenyekevu namna hiyo, mikono kifuani kama wanakwaya, kisha gitaa la Yogesh likaanguka katikati kama kabati, na wote watatu wakapiga kelele: *Sema mama, sema, tuumie kwa raha.*

Mtu mmoja akarekodi kwa simu. Wiki haikuisha, wimbo ulikuwa saluni, kwenye bodaboda, kwenye harusi, na shuleni watoto wa darasa la pili waliuimba wakimfuata mwalimu wao mnene. Wafuasi wa Ijumaa wakapita elfu ishirini. Mwandishi mmoja wa Dar es Salaam aliandika kwamba Asteria ni sauti ya kizazi chake. Asteria akaisambaza sentensi hiyo akiongezea kwamba kizazi chake kingemwomba aipunguze kidogo.

Mwalimu Hieronimo aliusikia wimbo huo kwa kinyozi. Akaja steshenari amevaa kofia, jambo alilolifanya kwenye misiba tu.

"Umechukua wimbo wangu," alisema.

"Nimeukopa, baba."

"Sauti ya tatu iko wapi?"

"Hii ni roki, baba. Haina sauti ya tatu."

"Muziki usio na sauti ya tatu ni nyumba isiyo na choo," alisema Mwalimu. Akasimama kidogo akitazama mashine ya kopi. "Na yule mama umemwomba ruhusa?"

"Ni wimbo wa kumsifu. Sikiliza maneno."

Mwalimu akamtazama kwa macho aliyokuwa akiwatazama wanakwaya wanaosema wana mafua, akaondoka.

Siku ya nne baada ya hapo akaja Sihaba, fundi wa barazani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Mama anakuita," alisema. "Hakunieleza jambo. Alisema tu uje kwa miguu yako mwenyewe."

Njiani Asteria aliandaa sentensi tatu. Ya kwanza ilisema kwamba sanaa ni kioo. Ya pili ilisema kwamba kutajwa ni heshima. Ya tatu ilikuwa ya kuchekesha, akaiweka akiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo." Mama Noorbanu alimwonyesha kigoda karibu na majora ya satini. "Usiseme kitu. Tazama."

Haukupita muda akaingia mama wa makamo kutoka Mkange pamoja na binti yake, bibi harusi mtarajiwa. Binti alikuwa ameshika simu juu, inarekodi. Alichagua kitambaa cha njano iliyopauka, akajifunika nacho begani na kujigeuza.

"Hiyo isikuguse," alisema Mama Noorbanu. "Itakufanya uonekane mgonjwa."

Mama na binti walicheka mpaka machozi yakawatoka. "Amenipa vidonge vyangu, mama, amenipa," binti alisema akiielekea simu. Wakanunua kitambaa kile kile, mita sita, wakatoka huku wanaimba.

Barazani Sihaba aliacha kushona.

"Umeona?" aliuliza Mama Noorbanu.

"Wamenunua, mama."

"Wamenunua kitambaa kibaya. Yule ni mtoto wa watu. Atasimama mbele ya ukoo wa mume akiwa na rangi ya homa ya manjano, kwa sababu nilipomwambia kweli alidhani namchekesha. Wanakuja hivyo kila siku sasa. Miaka arobaini na sita nimekaa kwenye kiti hiki, na kitu nilichokuwa nacho ni kwamba nikisema jambo, watu wanajua nimelisema. Wewe umekichukua."

Asteria akazitafuta sentensi zake tatu. Zote zilikuwepo, na zote zilimwonea haya.

"Nataka nikuulize," Mama Noorbanu aliendelea. "Ule wimbo unanisifu au unanitukana?"

"Kwa namna fulani, vyote viwili."

Mama Noorbanu alivuta jora la satini, akakunjua kipande, akakigeuza juu chini. "Huu ni upande wa juu. Huu wa ndani. Mteja akiniuliza upi ni upi, siwezi kumwambia vyote viwili."

"Kuna vitambaa vina pande mbili, mama. Unaweza kuvaa upande wowote."

"Vipo. Ni ghali, na aliyevifuma alijua anachofanya pande zote. Wewe ulijua?"

Asteria alishika ncha ya satini, akaigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa hakuwa na cha kusema, na hali hiyo ilimpa kizunguzungu kidogo, kama mtu aliyeshuka ngazi akadhani bado ipo moja.

"Ile harusi ya adui," alisema Mama Noorbanu. "Umeitoa wapi?"

"Ulinambia mwenyewe."

"Sikusema adui."

"Hapana. Adui nimemwongeza mimi."

"Nilichosema nakikumbuka. Ulikuja na shangazi zako wawili, ukashika satini nyeupe. Nikasema kitambaa ni kizuri lakini bibi harusi hana furaha, mrudisheni nyumbani akafikiri. Shangazi zako wakakasirika. Wewe ukanishika mkono, ukasema, 'Asante sana mama, Mungu akuzidishie wema huo.' Mkatoka. Jioni nikamwambia mume wangu, alikuwa hai bado, kwamba leo nimemsaidia mtoto wa mtu." Akakunja satini polepole. "Kumbe ulikuwa unanikejeli."

"Ndiyo, mama."

"Miaka tisa nimedhani ulinishukuru."

Asteria alitoka dukani akapita steshenari yake bila kuiona, akafika mpaka sokoni, akarudi. Kilichomtesa hakikuwa aibu peke yake. Ni kwamba katika watu wote waliokula pilau ya harusi ile, mia mbili na zaidi, Mama Noorbanu alikuwa peke yake aliyeona na akasema, na yeye Asteria alikuwa ameichukua sentensi ile moja ya kweli, akaikaanga, akawagawia watu kama karanga.

Akaamua kuomba radhi. Ijumaa aliandika makala fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Alisema wimbo ulimdhihaki mtu ambaye hakustahili, kwamba Mama Noorbanu huwaambia watu kweli na watu wamsikilize, na kwamba anaomba msamaha. Hakuweka utani hata mmoja. Aliisoma mara sita kuhakikisha.

Kufika adhuhuri, watu elfu moja mia nne walikuwa wameweka vikatuni vya kicheko. "Dada umetisha, eti unaomba radhi," aliandika mmoja. Mwingine akasema hiyo ni kejeli ya kiwango cha juu kabisa, kejeli inayojificha ndani ya unyoofu. Yule mwandishi wa Dar es Salaam aliisifu kwa aya nne. Asteria akajibu kwamba anamaanisha alichoandika. Wakacheka zaidi.

Akaenda kwa Yogesh, akamkuta anahesabu viungo vya mabomba.

"Nimesema kweli na hawaamini," alisema.

"Tatizo lako ulisema vizuri mno," Yogesh alijibu bila kuinua kichwa. "Mtu akiomba radhi huwa anababaika. Wewe umeweka mpaka nuktamkato."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi nauza mabomba, Aste." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lakini nitakuambia jambo. Tumepiga pamoja miaka minne. Nakijua unachokicheka chote, mpaka kingine nakicheka nikiwa peke yangu. Unachokipenda sikijui hata kimoja."

Wiki mbili baadaye palikuwa na tamasha la muziki, Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa wazi karibu na pwani. Kutu walikuwa kwenye orodha, na kila mtu alijua wanakuja kusikia wimbo gani. Ijumaa yake Asteria alikwenda dukani kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukualika kesho."

"Nije kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Masikio ninayo hapa hapa."

"Naomba uje, mama," alisema Asteria, na sauti yake ilibabaika. Mama Noorbanu alimtazama kama anavyotazama rangi kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuahidi.

Lakini alikuja, ameshikwa mkono na Sihaba, akakaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, mtandio umebanwa vizuri, mkoba magotini. Watu walipomwona walipiga makofi na kuinua simu. Yeye alitazama jukwaa tu.

Bendi ilipiga nyimbo mbili. Kisha umati ukaanza: "Noor-ba-nu, Noor-ba-nu." Yogesh akamwangalia Asteria. Asteria akaishika maiki kwa mikono miwili.

"Nina habari ya kuwasimulia kwanza," alisema.

Watu wakacheka, maana walijua namna yake.

"Nilipokuwa nataka kuolewa nilikwenda kwa Mama Noorbanu kununua satini. Akaniambia sina furaha."

Kicheko kikubwa. Mtu akapuliza filimbi.

"Ilikuwa kweli. Sikuwa na furaha. Niliogopa kuwaambia shangazi zangu, kadi zilikuwa zimeshatoka."

Wakacheka tena. Asteria alihisi mdomo wake wenyewe ukimsaliti. Ulikuwa unajipanga kusema maneno ya kufuata kwa ustadi, kuvuta pumzi pale panapostahili, kuinua nyusi. Alijua kabisa jinsi ya kuwaangusha wote kwa sentensi moja. Sentensi ilikuwa tayari ulimini.

"Mume wangu alikuwa ananifungia ndani," alisema. "Akienda kazini asubuhi anafunga kufuli kwa nje mpaka jioni. Wengi wenu nimewasimulia hilo kwa kuwachekesha. Choo kilikuwa nje. Nilikuwa nakojoa kwenye ndoo. Miezi kumi na mmoja."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajisikia yuko peke yake, akaacha. Vijana wawili watatu wakaendelea kutabasamu huku wakitazamana, wasijue kama sehemu ya kuchekesha imepita au bado inakuja. Mwanamke mmoja karibu na jukwaa akaishusha simu yake.

"Huyu mama ndiye pekee aliyeniambia nisiende, na nikamtungia wimbo wa kejeli. Ule wimbo hatuupigi tena. Basi, ni hilo."

Hapo hakujua la kufanya. Hakuwa amepanga kitu baada ya hapo. Alisimama na maiki mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Kutoka nyuma Mikdad akaanza kupiga, taratibu, pigo la ngoma za kwao, si la roki, na Yogesh akalifuata kwa gitaa akikosea kila mahali. Sehemu kubwa ya watu waliondoka kwenda kutafuta mishikaki. Wengine walizomea kidogo, kwa adabu. Wachache walibaki, sijui kwa nini, na baadhi yao pengine kwa kuwa walikuwa na viti.

Walipomaliza, Mama Noorbanu alikuwa amesimama kando ya jukwaa.

"Sauti yako mbaya," alisema.

"Najua, mama."

"Mwenye gitaa anapiga kama anagombana na mtu. Mpiga ngoma ni mzuri." Akabadilisha mkoba mkono. "Habari ya ndoo hukunisimulia."

"Sikumsimulia mtu."

"Ungekuja dukani."

"Ningekuja kufanya nini, mama?"

"Kukaa," alisema Mama Noorbanu. "Kigoda kipo." Akamshika Sihaba mkono, wakaondoka kabla ya Magharibi.

Mambo hayakutengemaa yote. Kule mtandaoni wafuasi walishuka wakawa elfu tisa. Mmoja aliandika kwamba zamani Asteria alikuwa na akili, siku hizi ana matatizo. Yule mwandishi wa Dar es Salaam alihamia kwa mtu mwingine wa kizazi kile kile. Waandaaji wa matamasha hawakupiga simu kwa miezi mitatu. Dukani watu waliendelea kuja na simu zao kwa wiki kadhaa, na Mama Noorbanu akachoka, akamwagiza Asteria amchapie tangazo la kubandika mlangoni: HAPA HAKUNA UTANI. Asteria alilichapa kwa herufi nene na kulitia plastiki. Watu wakaanza kupiga picha mbele ya tangazo lile, wakicheka. Hata hivyo baadaye kikatokea kichekesho kingine huko Chalinze, cha mbuzi na mwenyekiti wa kijiji, simu zikaelekea huko, na wanawake wakarudi kutukanwa kwa faida yao wenyewe kama zamani.

Asteria hakuacha kejeli. Wageni rasmi hawakuacha kuchelewa, na maji yalikuwa yale yale, kwa hiyo kila Ijumaa aliendelea kuwasifu kwa heshima na taadhima. Tofauti ilikuwa kwamba mtu akimwuliza alimaanisha nini, alimjibu. Mtendaji mmoja alipopata jibu lake alimnunia mwezi mzima. Na alasiri kadhaa, steshenari ikiwa haina watu, alifunga mlango akaenda kukaa dukani kwa Mama Noorbanu, wakiongea au wasiongee, Sihaba akishona.

Shangazi zake nao walikuja, wote wawili pamoja, wamebeba mkungu wa ndizi. Walikaa kwenye benchi la wateja wasijue pa kuanzia. Mkubwa wao akasema printa hiyo imechakaa. Mdogo akaanza kulia. Wakampa pole, miaka minane imechelewa, na Asteria akaipokea bila kuiongezea neno, ingawa neno alikuwa nalo.

Mwanzoni mwa kiangazi aliandika wimbo mpya. Ulimchukua wiki saba. Jumapili aliusoma ghalani, saruji ikiwa imejaa mpaka darini. Mwalimu Hieronimo alikuwa amealikwa siku hiyo kuja kuangalia habari ya sauti ya tatu, naye alikaa kwenye kiti na kofia magotini.

Asteria alipomaliza kusoma, Mikdad alikuna kidevu kwa kijiti cha ngoma. "Hapa watu wanacheka wapi?"

"Hawacheki."

"Hakuna hata mahali pamoja?"

"Hakuna."

"Haya," alisema Mikdad, kama mtu aliyeambiwa chai haina sukari.

Yogesh alisema yeye ameupenda, akaona haya, akaanza kufunga nyuzi za gitaa ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Mwalimu Hieronimo akaomba karatasi. Aliisoma kimya muda mrefu, midomo ikitembea.

"Mstari wa tatu," alisema Mwalimu mwisho. "Silabi zimezidi."

"Zimezidi ngapi, baba?"

"Nne. Hesabu."

Asteria akahesabu kwa vidole. Baba yake alikuwa amesema kweli. Akautazama mstari huo, akaona neno la kuondoa ni lile ambalo yeye aliliona la werevu kuliko yote. Akalikata. Mwalimu akasimama, akavuta suruali ikae sawa, akawapa sauti ya kuanzia.